Neno na Mahadhi: Nyimbo za Mwaka Mpya katika Mji wa Dhaka

Wimbo ni ndoa ya neno na mahadhi. Ndoa hiyo ikiwa njema, hakuna awezaye kusema ni yupi kati ya wawili aliyemposa mwenzake. Ikiwa mbaya, mmoja humdhalilisha wa pili, na msikilizaji huondoka masikio yamejaa na moyo mtupu. Kanuni hii ni nyepesi kutamkwa lakini ni nzito kutumiwa, hasa pale ambapo nyimbo zinazohukumiwa ni za watu wengine, na watu hao wamezilipia kwa damu. Katika insha hii nataka kuipima kanuni hiyo kwa nyimbo za Kibengali, za kale na za sasa, kama ziimbwavyo katika mji wa Dhaka siku ya kwanza ya mwezi wa Boishakh, ambayo ni siku ya mwaka mpya wa Wabengali.

Sababu iliyonisukuma si ya fahari. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu mmoja aliniletea gitaa ofisini. Alikuwa amelitungia mahadhi mapya shairi moja la kale la Kiswahili, akaniomba nimsikilize. Nilisikiliza beti mbili, nikamkatiza, nikamwambia kuwa ameliharibu shairi. Hakubisha. Alilirudisha gitaa katika mfuko wake, akanishukuru, akaenda zake. Usiku nilijiuliza shairi lile lilikuwa limeharibiwa wapi, nami sikupata jibu isipokuwa gitaa lenyewe. Tangu hapo nimekuwa nikitafuta mahali ambapo ugomvi wa kale na kisasa umeendeshwa kwa miaka mingi, mbele ya umma, ili nijifunze bila ya upendeleo wa nyumbani. Nimepapata Dhaka. Sikuwahi kuketi katika mkutano huo. Nyimbo zake nimezisikia katika rekodi na matangazo ya televisheni, na maneno ya Kibengali nimeyafuata kwa msaada wa tafsiri. Msomaji na ayapime maneno yangu kwa kadiri hiyo.

Siku yenyewe huangukia tarehe 14 Aprili nchini Bangladeshi. Ni majira ya joto kali, ambapo dhoruba za alasiri huvuma kwa ghafula kutoka kaskazini-magharibi, na wafanyabiashara kwa desturi hufungua daftari jipya la hesabu na kuwakaribisha wateja kwa vitu vitamu. Alfajiri, watu hukusanyika katika bustani ya Ramna, katikati ya mji, chini ya mti mkubwa wa jamii ya mkuyu. Jina la mahali hapo, Batamul, lataja mti wa aina moja. Mti uliosimama pale ni wa aina nyingine, ndugu yake. Kosa hilo limedumu kuliko masahihisho yote, nami nalitaja kwa sababu litatufaa mbele: watu wakishalipenda jina, hawaulizi tena habari za asili.

Jukwaani huketi kwaya kubwa ya wanaume na wanawake. Jua linapochomoza, ala moja huanza peke yake, filimbi au ala ya nyuzi, ikipiga raga ya asubuhi, yaani utaratibu wa sauti uliowekewa saa yake katika elimu ya muziki wa Bara Hindi. Hakuna neno bado; ni mahadhi matupu, kama mtu anayefagia ua kabla ya wageni kuingia. Kisha kwaya huinua wimbo. Hufuata nyimbo za Tagore, za Nazrul, za watunzi wengine wa zama zao, na nyimbo za mashambani. Katikati husomwa mashairi. Na mwisho wote husimama kuimba wimbo wa taifa.

Mkutano huo huandaliwa na Chhayanaut, chama cha muziki kilichozaliwa mwaka 1961. Mwaka huo ilitimia miaka 100 tangu kuzaliwa kwa Rabindranath Tagore, na Dhaka ilikuwa bado chini ya Pakistani. Watawala wa kijeshi hawakupendezwa na sherehe za mshairi ambaye kwao alikuwa Mhindu wa ng'ambo ya mpaka. Walimu, waandishi na waimbaji wa Dhaka walimwadhimisha hata hivyo, na sherehe zilipokwisha wakaona si vyema kutawanyika. Miongoni mwao walikuwamo Sanjida Khatun, Waheedul Haque na mshairi Sufia Kamal. Walianzisha chama, wakakipa jina la raga, kisha wakafungua shule ya kufundishia nyimbo. Mkutano wa kwanza chini ya mti wa Ramna ulifanyika Aprili 1967. Mwezi wa Juni mwaka ule ule waziri wa habari wa Pakistani alitangaza kuwa nyimbo za Tagore zisizopatana na utamaduni wa nchi hazitasikika tena redioni. Tangazo hilo lilifanya kazi ambayo matangazo ya namna hiyo hufanya siku zote: waliokuwa hawajali wakaanza kujali.

Mwaka 1971 hapakuwa na mkutano, kwa kuwa tangu usiku wa 25 Machi jeshi lilikuwa likiua watu mjini. Mwaka 2001, nyimbo zikiendelea, mabomu yalilipuka bustanini na watu 10 wakapoteza maisha. Mwaka uliofuata waimbaji walirudi chini ya mti ule ule. Mwaka 2020 maradhi ya korona yaliwazuia watu majumbani. Sanjida Khatun alifariki tarehe 25 Machi 2025, akikaribia umri wa miaka 92. Siku 20 baadaye mwaka mpya uliimbwa bila yeye.

Mhakiki anayefika mbele ya historia kama hii huingiwa na haya. Nani atasimama mbele ya watu waliopigwa mabomu kwa kosa la kuimba, aseme kwamba wimbo wa tatu ulipooza? Lakini haya hiyo ni heshima ya uongo. Mateso ya wimbo huthibitisha ushujaa wa mwimbaji na uovu wa mtesaji. Hayathibitishi uzuri wa wimbo. Nyimbo mbaya nazo zimewahi kupigwa marufuku. Tena watu wa Ramna hawakuketi pale ili wahurumiwe. Waliketi ili wasikilizwe, na kumsikiliza mtu kwa huruma tupu ni namna mojawapo ya kutomsikiliza. Kwa hiyo nitawapa heshima ninayoijua, nayo ni kuhukumu.

Tuanze na Tagore. Alitunga nyimbo zaidi ya 2,000, maneno na mahadhi pamoja. Mshairi wetu wa Kiswahili aghalabu hutunga beti, na mahadhi huyakuta tayari au humwachia mwimbaji. Tagore aliwaoza mwenyewe. Wimbo wake mara nyingi una sehemu nne, kwa utaratibu alioupokea kutoka dhrupad, ambayo ni namna ya kale ya uimbaji wa Bara Hindi. Sehemu ya kwanza huweka shina. Ya pili hupanda juu. Ya tatu hushuka na kutangatanga. Ya nne hupanda tena na kurejea nyumbani. Katika nyimbo zake bora maneno hupita njia hiyo hiyo. Sauti inaposhuka katika sehemu ya tatu, fikira nayo hugeuka: aliyekuwa akiita huanza kujiuliza anamwita nani. Mtu asiyejua Kibengali aweza kulihisi badiliko hilo kabla ya kuletewa tafsiri, na tafsiri ikija haimkanushi.

Wimbo ambao siku hizi haukosekani katika mwaka mpya, Esho He Boishakh, ni mfano mwema. Huuita mwezi wa joto uje na pumzi zake za moto uufagilie mbali uchafu wa mwaka uliokwisha. Wakati ambapo mwili wa kila mtu watamani mvua, mshairi aliliomba joto lenyewe. Na kwaya inapouimba huku jasho likiwatiririka wasikilizaji, ombi hilo haliwi mapambo. Hapa kwaya yafaa kabisa, kwa kuwa anayeomba ni umma. Sauti nyingi zikipanda pamoja huwa na nguvu ambayo mwimbaji mmoja, hata akiwa hodari namna gani, hawezi kuipata.

Lakini wale wanaomlinda Tagore kama hazina iliyotiwa kufuli husahau jinsi alivyoikusanya hazina hiyo. Wimbo wake Amar Sonar Bangla, alioutunga mwaka 1905 wakati Waingereza walipoigawa Bengali, na ambao sasa ni wimbo wa taifa la Bangladeshi, umesimama juu ya mahadhi ya Gagan Harkara, mpeleka barua wa kijijini aliyekuwa akiimba nyimbo za Wabaul. Wimbo wake mwingine wa kukumbuka siku za zamani, Purano Sei Diner Kotha, umechukua mahadhi ya Auld Lang Syne, wimbo wa Waskoti. Mahadhi ya mpeleka barua na mahadhi ya kigeni yaliingia katika nyumba moja, nayo leo yote mawili huitwa asili. Twarudi kwenye mti wa Ramna na jina lake. Kinachoitwa asili mara nyingi ni kigeni kilichopendwa mpaka ugeni wake ukasahauliwa.

Kazi Nazrul Islam alizaliwa mwaka 1899, na maradhi yakamnyamazisha mwaka 1942, ingawa aliishi hadi 1976. Katika miaka michache aliyokuwa na sauti alifanya jambo ambalo msomaji wa Kiswahili, aliyelelewa katika kasida na utenzi, hana budi kulistaajabia. Alitunga nyimbo za kumtukuza Mungu na Mtume, na wimbo wake wa 1931 wa kuukaribisha mwisho wa Ramadhani, uliorekodiwa na Abbasuddin Ahmed, mpaka leo ndio wimbo wa Idi kwa Wabengali wengi. Mtu huyo huyo alitunga nyimbo za ibada ya Kali, mungu wa kike wa Wahindu, kwa hisia zisizo na ubaridi wa mgeni. Alitunga ghazali za Kibengali, akaitumikia kampuni ya santuri, akatunga kwa haraka. Haraka hiyo yasikika. Tagore mara nyingi huliachia neno nafasi ya kupumua; Nazrul hulisukuma. Mwimbaji wa Nazrul akipewa uhuru wa kupamba sauti huweza kuonyesha ufundi wa koo lake mpaka maneno yakazama. Katika rekodi za Ramna nimesikia yote mawili: mwimbaji aliyepamba pale tu neno lilipoomba pambo, na mwingine aliyepamba kila mahali, kama mtu anayetia chumvi katika chai kwa kuwa chumvi ni tamu katika mchuzi.

Sasa nije kwenye lawama yangu kubwa kwa mkutano huu, nayo yahusu nyimbo za mashambani. Wabaul ni watu wa njia ya kiroho, wengine wametoka kwa Wahindu na wengine kwa Waislamu, wanaomtafuta mtu wa moyoni akaaye ndani ya mwili wa mwanadamu. Mkubwa wa watunzi wao ni Lalon, aliyefariki mwaka 1890 karibu na Kushtia, na ambaye kila upande wa dini umemdai baada ya kufa kwake, ilhali yeye mwenyewe katika nyimbo zake aliyafanyia mzaha maswali ya kabila na dhehebu. Ala yao ijulikanayo zaidi ni ektara, yenye uzi mmoja, jamaa wa mbali wa zeze letu. Uzi huo hautafuti mahadhi. Hushikilia sauti moja tu, kama mtu anayerudia swali lile lile mpaka ajibiwe. Wimbo wa Lalon ni swali la mtu mmoja, aghalabu la mafumbo, analoulizwa mtu mmoja.

Kwaya ikiuimba wimbo wa namna hiyo, kila mtu kwa lafudhi ile ile na kwa pumzi ile ile, swali hugeuka tangazo. Usafi wa sauti hubaki, fumbo huondoka. Watu mia hawawezi kuwa wapweke kwa pamoja. Si kwamba mji hauwezi kabisa kumwimba Lalon. Farida Parveen, aliyefariki mwaka 2025, alianza kwa kujifunza nyimbo za Nazrul, kisha akazigeukia za Lalon na kuzitumikia kwa miaka mingi katika majukwaa ya miji. Aliziondolea vumbi la njiani, na wako waliomlaumu kwa hilo. Lakini sauti yake ilibaki ya mtu mmoja aulizaye, na mwisho wa kila ubeti aliacha kimya kidogo, kana kwamba angoja jibu. Mji uliuchukua wimbo wa porini ukaupa kiti, lakini haukuufunga mdomo.

Jambo kama hilo latokea katika bhatiyali, wimbo wa mabaharia wa mito ya Bengali ya Mashariki. Mashua inapofuata mkondo wa maji, mpiga kasia hana kazi ya kupiga, na wimbo wake hauna haja ya pigo; sauti hutupwa juu, hushikiliwa kadiri ya pumzi, kisha huachiliwa ishuke kama maji yenyewe. Ndugu yake wa kaskazini, bhawaiya, ni wimbo wa waendesha magari ya ng'ombe, na sauti yake huvunjika kooni, kama kwamba gurudumu limeingia shimoni. Kazi ndiyo iliyoyazaa mahadhi haya. Mtu akiitwalia bhatiyali tabla na kinanda cha mvukuto, akaihesabia mapigo sawasawa, amemtia samaki katika tundu la ndege. Maneno ni yale yale, mahadhi karibu ni yale yale, lakini mto umetoweka. Hapa msomaji na aangalie vizuri: uharibifu huu umefanywa na ala ambazo watu wengi huziita za asili. Hakuna gitaa hata moja katika kesi hii.

Siku ile ile, katika majukwaa mengine ya mji, vijana huimba kwa gitaa la umeme na ngoma za Kizungu. Wazee huwatazama kama nilivyomtazama mwanafunzi wangu. Lakini uimbaji huu nao una historia yake. Azam Khan alipigana katika vita vya 1971, kisha akarudi Dhaka akaanza kuimba kwa bendi. Wimbo wake mmoja mashuhuri wa miaka ya 1970 wasimulia habari za mama maskini, katika kibanda kando ya reli, anayemlilia mwanawe aliyekufa. Sauti ya Azam Khan haikuwa ya shule. Ilikwaruza, na mara nyingine ilikosa shabaha. Hata hivyo neno lilisikika, herufi kwa herufi, na mkwaruzo ule uliifaa habari ya reli na kibanda kuliko sauti yoyote iliyosafishwa. Kwa kanuni yetu, ndoa hiyo ni halali.

Mjini Kolkata, katika miaka hiyo hiyo, kundi la Moheener Ghoraguli lilichanganya Baul na muziki wa Kimagharibi, wakati ambapo wanunuzi walikuwa wachache. Katika miaka ya 1990 kizazi kingine kikalifufua na kulifanya somo lake. Na tangu mwaka 2022 Dhaka imekuwa na mfululizo wa rekodi uitwao Coke Studio Bangla, chini ya Arnob, mwanamuziki aliyesomea Santiniketan, katika chuo alichokianzisha Tagore. Wimbo wake wa kwanza uliunganisha wimbo wa Kibengali na wimbo wa lugha ya Wahajong, kabila dogo la kaskazini. Nausifu uamuzi huo kwa sababu sikukuu ya lugha moja huelekea kuzisahau lugha ndogo zinazokaa uani kwake; na mwimbaji wa Kihajong hakuwekwa pale kama maua ya mezani, bali aliushika wimbo tangu mwanzo. Lakini katika nyimbo mpya za aina hii kwa jumla naona ugonjwa mmoja: woga wa kimya. Kila nafasi aliyoiacha mtunzi ili neno litulie, mpangaji huijaza kwa ala nyingine. Swali la Lalon linapata jibu la ngoma kabla halijaisha kuulizwa. Kosa hili ni lile lile la kwaya ya Ramna, limevaa nguo nyingine tu.

Basi dawa ni kuweka walinzi? Bengali ilijaribu dawa hiyo. Kwa miaka mingi rekodi za nyimbo za Tagore zilihitaji kibali cha bodi ya muziki ya Visva-Bharati, chuo chake mwenyewe. Bodi hiyo ilizuia mambo mengi mabaya, na haki hiyo ipewe. Lakini ilimzuia pia Debabrata Biswas, mmoja wa waimbaji wakubwa wa nyimbo hizo, kwa sababu ya jinsi alivyoimba na ala alizozitumia. Mwisho aliacha kurekodi nyimbo za Tagore, akaandika kitabu cha uchungu wake, akafariki mwaka 1980. Leo wapenzi wengi wa Tagore humtafuta Biswas kwanza. Hakimiliki ya kazi za Tagore ilikwisha na mwaka 2001, na tangu hapo kila mtu ana ruhusa ya kuziimba vizuri au vibaya. Wengi wameziimba vibaya. Nyimbo hazikufa. Mlinzi aliyekaa mlangoni alikuwa akipima mavazi ya waingiao, na aliyekuja na moyo wa wimbo alirudishwa kwa ajili ya kanzu yake.

Nani basi ahukumu? Dhaka inatupa mfano wa jibu katika wimbo wa siku yake nyingine kubwa, 21 Februari, ya kuwakumbuka waliouawa mwaka 1952 kwa kuitetea lugha yao. Maneno ya wimbo huo aliyaandika Abdul Gaffar Chowdhury. Mahadhi ya kwanza alitunga Abdul Latif. Baadaye Altaf Mahmud alitunga mengine, nayo ndiyo yaliyoshika mpaka leo. Hakuna bodi iliyoamua. Watu hutembea alfajiri ya siku hiyo, miguu mitupu, kwenda kuweka maua penye mnara. Na mahadhi ya Altaf Mahmud yana mwendo wa mguu usiokuwa na haraka, ambao hauko tayari kufika. Maneno yaliuliza kama itawezekana kusahau, na miguu ikajibu. Mahadhi ya pili yalishinda kwa kuwa yalilipa neno mwili uliolifaa, ingawa yalikuwa mapya na ya kwanza yalikuwa na haki ya utangulizi. Altaf Mahmud mwenyewe alichukuliwa na jeshi mwezi wa Agosti 1971, hakurudi. Nimesema kuwa mateso hayathibitishi uzuri, nami nashikilia hapo: wimbo huu ulikuwa umekwisha kushinda kabla mtunzi wake hajachukuliwa.

Msomaji wa pwani yetu asidhani kuwa habari hizi ni za mbali naye. Siti binti Saad alivuka bahari kurekodi Bombay mwaka 1928. Kinanda cha mvukuto na tabla vilikaa katika taarabu ya Mombasa mpaka tukavisahau ugeni wake. Miongoni mwa watunzi wa mahadhi ya filamu za Kihindi zilizojaza majumba yetu ya sinema walikuwamo Wabengali kama Salil Chowdhury na S. D. Burman, mzaliwa wa Comilla, ambaye katika filamu Sujata ya mwaka 1959 aliimba kwa sauti yake mwenyewe wimbo wa namna ya bhatiyali. Hivyo huenda babu zetu waliusikia mto wa Bengali wakiwa wameketi katika viti vya sinema, bila ya kujua jina lake. Na Juma Bhalo wa Mombasa alipoyavika mahadhi ya filamu mashairi ya Kiswahili, yakiwamo ya jamaa yake Ahmad Nassir, wako waliosema ni wizi. Lakini vina vilisikika, mizani haikuvunjika, na fumbo la mshairi lilifika kwa mlengwa wake likiwa zima. Ndoa ilikuwa halali, ingawa mahari yalitoka ng'ambo.

Nirudi, basi, ofisini kwangu. Nilimhukumu mwanafunzi yule kwa ubao na nyuzi. Maswali niliyopaswa kumwuliza yalikuwa matatu, na mji wa Dhaka umenifundisha yote. Je, neno lasikika? Je, mahadhi yanajua neno linasema nini, yakapanda linapopanda na kushuka linaposhuka? Je, kimya alichokiacha mtunzi kimeheshimiwa? Yamkini angefaulu katika mawili na kushindwa katika moja, na hapo ningekuwa na la kumfundisha. Yamkini pia angefaulu katika yote, na hapo ningekuwa na la kujifunza. Nilimnyima yeye la kwanza, nikajinyima mwenyewe la pili.

Siwezi kulirudisha gitaa lile kutoka katika mfuko wake. Naweza kuiandika hukumu yangu upya, ili mwalimu mwingine atakayeletewa shairi la zamani katika sauti ya leo asimame kidogo kabla hajanena, na asikilize mpaka ubeti wa mwisho. Watu wa Dhaka wameketi chini ya mti wenye jina lisilo lake, wakiimba mahadhi ya mpeleka barua na ya Mskoti, na kila mwaka mpya huwakuta pale. Mti hauulizi kama jina lake ni sahihi. Huwapa kivuli wote waliokuja kuimba kweli.